Doudou na Mama Wakwe Zake: Tamthilia Naipenda, Ndoa Yake Naitilia Shaka

Miongoni mwetu sisi tunaojiita wasomi wa lugha, wako wanaoona haya kukiri kwamba wanatazama tamthilia za mapenzi kwenye runinga. Ukimkuta mmoja wao sebuleni, macho yameganda kwenye kioo, atakwambia kwamba alikuwa akipita tu kuelekea kwenye vitabu vyake na kwamba watoto ndio wanaotazama. Lakini mpe nafasi kidogo, naye atakusimulia nani kamkosea nani, lini na kwa sababu gani, tangu sehemu ya kwanza. Mimi sitajificha nyuma ya watoto. Tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake nimeitazama yote mara mbili, sehemu 36 kila mara, na mara ya pili niliifurahia kuliko ya kwanza. Hata hivyo, ndoa iliyo katikati yake, ambayo sisi watazamaji tulitarajiwa kuionea wivu, sijawahi kuiamini. Nataka kuyaeleza mambo haya mawili kwa pamoja, kwa kuwa nimechoshwa na uhakiki unaodai kwamba mtu akipenda kitu hana budi kukisifu chote, na akikitilia shaka basi akizime.

Kwa wasomaji waliokuwa wadogo wakati huo, tamthilia hii ilianza kuonyeshwa nchini China mwaka 2010, na mwongozaji wake ni Liu Jiang. Hai Qing anaigiza kama Mao Doudou, muuguzi wa hospitali, na Huang Haibo ni Yu Wei, mpiga picha, mumewe. Radio China Kimataifa, ambayo idhaa yake ya Kiswahili ilianza mwaka 1961, ndiyo iliyoingiza sauti za Kiswahili, na mnamo Novemba 2011 runinga ya taifa ya Tanzania, TBC, ikaanza kuionyesha. Haikukawia kuvuka mpaka na kuingia kwetu. Sifa zake zilifika mbali kiasi kwamba Rais Xi Jinping, alipohutubia jijini Dar es Salaam tarehe 25 Machi 2013, aliitaja hadharani kuwa imewawezesha Watanzania kuyaona maisha ya familia za kawaida za Kichina. Si kila siku rais wa dola kubwa husimama jukwaani kumtaja mkazamwana.

Tukumbuke pia tulikotoka. Katika miaka ya 1990 mapenzi ya kigeni yalitufikia kutoka Mexico yakiwa yamevishwa sauti za Kiingereza. Kiswahili kwenye runinga kiliachiwa mzaha: Vitimbi, Vioja Mahakamani na vipindi vya namna hiyo, ambavyo tulivipenda na tunavipenda hadi leo. Tausi ya KBC ilikuwa miongoni mwa vichache vilivyothubutu kuwaacha watu wapendane, wasalitiane na walie kwa Kiswahili bila ya mtazamaji kutarajiwa kuvunjika mbavu. Kwa hiyo kumsikia muuguzi wa Kichina akigombana na mama mkwe kwa Kiswahili sanifu, tena kwa uchungu wa kweli, lilikuwa jambo la kumfanya mwalimu wa lugha asogeze kiti karibu. Kazi yenyewe si rahisi. Kichina husema "nakupenda" kwa silabi tatu. Kiswahili chetu kinahitaji nne, na tukiwa wakamilifu tukasema "ninakupenda", tano. Mfasiri anapimiwa maneno kwa midomo ya mtu aliyekwisha kusema na kufumba, na mkazamwana mwenye hasira hafumbi polepole.

Kisa chenyewe ni hiki. Doudou na Yu Wei hawakukutana kwa bahati, bali walikutanishwa na watu. Doudou anakaribia miaka 30, umri ambao Wachina wengi, kama majirani zetu wa Bondeni na Milimani, huusikia ukigonga kama kengele ya shule. Wana neno la kumtaja mwanamke aliyeupita umri huo kabla hajaolewa, shengnü, yaani mwanamke aliyebaki, kama vile chakula kinavyobaki sufuriani baada ya wageni kuondoka. Baada ya vuta nikuvute wawili hawa wanapendana na kufunga ndoa. Hapo ndipo Doudou anapogundua uzito wa alichokiingia. Wazazi wa Yu Wei waliachana, baba akaoa mke mwingine, na mama mzazi hajasahau wala hajasamehe. Muuguzi wa watu ana mama wakwe wawili wasiopatana, na kila mmoja anataka heshima yake kamili bila ya kugawana na mwenziwe.

Kana kwamba hayo hayatoshi, ndugu wa kiume wa Doudou anapendana na dada wa Yu Wei. Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana ni jambo tamu kwa mtu wa fani yangu. Kwa mwanamke wa Kiswahili, dada ya mume ni wifi, na mke wa kaka ni wifi vilevile. Kwa hiyo dada huyo wa Yu Wei anakuwa wifi ya Doudou mara mbili, na neno halibadiliki hata herufi moja. Kwa Yu Wei nako, ndugu wa mkewe ni shemeji, na akimwoa dada yake anabaki shemeji. Kichina kina maneno tofauti kwa kila mojawapo ya nafasi hizo, na hata kinapambanua mkubwa na mdogo. Kinachowavuruga akili Wachina, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kukitandikia mkeka kabla mgeni hajabisha hodi.

Nirudi kwenye jina la tamthilia, kwa kuwa humo ndimo shaka yangu ilimoanzia. Kwa Kichina inaitwa Xifu de Meihao Shidai, ambayo nikiifasiri kwa uaminifu ni "Zama Njema za Mkazamwana". Waliotuletea kwa Kiswahili wakaiita Doudou na Mama Wakwe Zake. (Nimewahi kusahihishwa na mwalimu mwenzangu aliyetaka iwe "wakwe wake". Nikamjibu kwamba neno kuu hapo ni mama, nalo husema zake; mkwe amekuja kama mpambe tu.) Jina la Kichina linaahidi furaha ya mtu mmoja. Jina la Kiswahili linataja uhusiano, na uhusiano wenyewe si wa mke na mume. Mume hayumo. Nadhani wafasiri walisema kweli kuliko watunzi. Tunaambiwa kwamba tutatazama mapenzi ya Doudou na Yu Wei, kumbe mapenzi hayo yanapewa nafasi ya kutosha kumfikisha Doudou mlangoni tu. Baada ya hapo kinachosimuliwa ni wanawake watatu na nyumba wanazogombea amani yake.

Kila mwanafunzi aliyesoma mnyambuliko wa vitenzi anajua kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na kwamba waungwana wakipatana kuwa sawa husema wameoana. Tunavifundisha vitenzi hivi vitatu kama zoezi la viambishi, na aghalabu hatusimami kuuliza vinamfanya nani nini. Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro kina Taasisi ya Confucius, iliyoanzishwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing, na kwa ajili hiyo siku hizi katika kaunti yetu si ajabu kukutana na mtu anayeweza kukuandikia Kichina kwa chaki. Mmoja wao alinichorea alama mbili. Ya kwanza, qu, ni kitenzi cha mwanamume anayeoa: juu pana alama ya "kuchukua", na chini yake alama ya "mwanamke". Ya pili, jia, ni ya mwanamke anayeolewa: kushoto "mwanamke", kulia "nyumba". Mmoja anachukua, mwingine anakwenda kwenye nyumba. Kichina nacho kina kitenzi cha tatu, jiehun, kisichojali nani ni nani, kama "oana" yetu. Doudou na Yu Wei walianza kwa kuoana. Sehemu chache baadaye Doudou peke yake ameolewa, na aliyemwoa si Yu Wei bali ni ukoo mzima wenye madeni ya kale.

Madeni hayo ndiyo yanayonifanya nisiiamini ndoa yao. Yu Wei si mtu mbaya. Laiti angalikuwa mbaya, kazi yangu ingalikuwa nyepesi. Ni mcheshi, ana maneno matamu, anampenda mkewe na mtazamaji anaona wazi kwamba anampenda. Lakini mvutano wa nyumba ile haukuanzishwa na Doudou. Ulianzishwa na baba aliyeacha na kuoa, ukalelewa na wakubwa ambao hawakukaa chini kuyamaliza. Anapoletwa mgeni ndani, yule asiyekuwa na hatia yoyote ndiye anayeombwa awe mvumilivu kuliko wote. Mume humbembeleza mama huyu, akambembeleza yule, kisha akamgeukia mkewe na kumwomba ameze maneno. Naye anayameza, tena kwa tabasamu ambalo Hai Qing analiigiza vizuri mno hata mtu unasahau kuuliza kwa nini analihitaji. Fundo lilifungwa na mwanamume, likaachiwa wanawake walifungue, na mwanamume wa pili akasifiwa kwa kuwashikia taa.

Kwa nini basi naipenda? Kwanza, kwa sababu tamthilia hii inajua kwamba maisha ya watu huamuliwa jikoni. Hakuna majumba ya kifahari wala mrithi wa kiwanda anayerudi kutoka ng'ambo. Kuna sahani zisizotosha, simu inayopigwa wakati usiofaa, na mtu aliyekuja kukaa siku mbili ambaye mkoba wake unaonyesha atakaa mwezi. Pili, kwa sababu ya yule mama mzazi wa Yu Wei, anayetakiwa tumchukie.

Kuhusu huyo ilinibidi nifundishwe na mama mkwe wangu mwenyewe. Ni mkulima wa Subukia, na tulitazama sehemu kadhaa pamoja alipokuja kwetu Nakuru kutibiwa macho. Nilitarajia kwamba tungekuwa na haya kidogo, mkwe na mkazamwana, tukitazamana kwenye kioo kama hivyo. Badala yake yeye alicheka mpaka akashika ubavu, hasa pale Doudou alipokosea. Mama yule wa Kichina alipoanza kelele zake nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua uhakiki, kwamba hakika yule ni mchokozi. Mama mkwe akanyamaza kitambo, kisha akaniambia, "Mama, huyo mtu aliachwa. Katika hao wote, nani amemuuliza usiku analala vipi?" Sikuwa na jibu. Tangu hapo nimekuwa nikimtazama mama yule kama mhusika mkuu aliyenyimwa jina kwenye tangazo. Hasira yake haina mahali pa kwenda. Aliyemwacha yuko salama kwa mke wa pili. Mwanawe ana mke. Na mtu pekee aliyebaki ambaye desturi inamruhusu amfokee ni mkazamwana.

Msomaji ataona kwamba mama mkwe wangu aliniita mama. Si kosa la lugha. Kwa desturi ya Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya mume, na mwanangu wa kwanza ni binti. Kwa hiyo mimi ni mama ya mtu mwenye jina lake, na yeye hulifurahia jambo hilo na kunitania kwalo kila anaponituma. Nilipowaeleza wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu habari hii tulipokuwa tukiijadili tamthilia, palizuka mjadala ambao sikuuandaa. Doudou angalikuwa wa Bahati au wa Njoro, binti yake wa kwanza angaliitwa nani? Jina la mama aliyezaa au la mama anayepikia baba mkwe leo? Wavulana walisema jambo hilo ni la mume kuamua. Msichana mmoja, mtulivu ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza ni lini mume huyo aliwahi kuamua jambo lolote katika sehemu 36. Darasa likapasuka kwa kicheko.

Desturi hizi hazifanani, na hilo linapaswa kutufumbua macho. Kwa Wakikuyu jina la mama mkwe hutamkwa mchana kutwa, mtoto anapoitwa ale, aoge, aache kuchezea moto. Kusini mwa mpaka, kwa Wadatooga wa kaskazini mwa Tanzania, ambao lugha yao ni ndugu wa Kikalenjin katika tawi la Kiniloti cha Kusini, mambo ni kinyume. Mwanaisimu Alice Mitchell ameeleza jinsi wanawake walioolewa katika jamii hiyo wanavyoepuka kutamka majina ya wakwe zao wakubwa, hata na maneno ya kawaida yanayofanana na majina hayo kwa sauti, wakatafuta maneno mengine badala yake. Fikiria bibi arusi anayelazimika kuisuka upya msamiati wake kwa sababu ya nyumba aliyoingia! Mume wake haulizwi kufanya kazi kama hiyo kwa kiwango hicho. Wachina nao wana hatua yao, ambayo huiita gaikou, maana yake kubadili mwito: siku ya arusi bibi arusi huanza kuwaita wazazi wa mume "baba" na "mama", nao humpa bahasha nyekundu yenye pesa. Kwa Kiswahili hatua hiyo haionekani, maana sisi humwita mama hata muuza mboga. Bibi arusi wa Kichina analipwa, walau mara moja, kwa kazi ya kubadili ulimi. Sina hakika kwamba sisi tulio na bahasha nyingi za michango tumewahi kufikiria hiyo.

Walimu wa sekondari wameliona suala hili kwa upande wa pili katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, tamthilia iliyoteuliwa kutahiniwa katika shule zetu. Humo kuna mvutano kati ya Neema na mumewe Bunju kuhusu mama yake Neema kulala katika nyumba ya mkwewe. Katika jamii nyingi za Bonde la Ufa na za magharibi mwa nchi, mwanamume humheshimu mama mkwe wake kwa kukaa naye mbali. Mwanamke humheshimu wake kwa kukaa naye karibu, kumpikia, kumwoshea na kumsikiliza. Neno ni moja, heshima, lakini mmoja hulipa kwa hatua na mwingine kwa mgongo. Doudou naye ana wazazi wake, kwa hiyo Yu Wei ana mama mkwe wake. Hakuna aliyefikiria kuiita tamthilia hiyo "Yu Wei na Mama Mkwe Wake", na ningalishangaa kama ingalifika sehemu ya tatu.

Wanafunzi wangu huniambia kwamba ninashughulika na mambo ya kizamani. Wao hutazama kwenye simu tamthilia kama Meteor Garden ya mwaka 2018, iliyotokana na katuni za Kijapani za Yoko Kamio, ambamo kijana tajiri na mkorofi, Dao Mingsi, humwonea msichana wa familia ya kawaida, Shancai, kisha wakaishia kupendana. Wananiuliza kwa nini nisikemee huyo, anayeonekana wazi kwamba ana makosa. Jawabu langu ni kwamba anaonekana wazi. Sijapata msichana mmoja darasani asiyeweza kunieleza kasoro za Dao Mingsi kwa mpangilio, hata kama anamwona mzuri wa sura. Yu Wei je? Nilipouliza ni nani angependa mume kama Yu Wei, karibu mikono yote ya wasichana iliinuka. Mmoja wao alikuwa aolewe Desemba ile. Baada ya kipindi alinifuata ukumbini akaniambia kwamba shangazi zake wamemwekea siku ya kumpa mawaidha, na neno alilokuwa akilisikia tangu achumbiwe ni uvumilivu. Akaniuliza, bila ya utani, kama mtu anaweza kuuliza kipimo chake kabla.

Nimelifikiria swali lake sana kuliko maswali mengi ya tasnifu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 45, inasema kwamba waliooana wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakati wa ndoa na wakati wa kuivunja. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inaeleza kwamba mchango wa mtu katika mali si pesa peke yake: inataja kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kuwa mwenzi, kusimamia biashara au mali ya familia, na kazi ya shamba. Ni orodha nzuri, nami niliwasomea wanafunzi. Kisha mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba usawa huo hauna maana ya kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja hana budi kuthibitisha alichochangia. Kwa hakimu, mke wa Molo anaweza kuonyesha safu za viazi alizopalilia. Anaweza kuleta mashahidi kwamba alilea watoto. Doudou angeleta nini? Maneno aliyoyameza hayana risiti. Kazi kubwa aliyoifanya kwa sehemu 36, ya kuwapatanisha watu ambao hakuwagombanisha, haimo katika orodha ile kwa jina, na nadhani hata mawakili hodari wangetafuta sana mahali pa kuipachika.

Huko kwao, mwezi Agosti mwaka huohuo wa 2011 ambao Doudou alianza kusema Kiswahili, Mahakama Kuu ya Watu ilitoa ufafanuzi wa sheria ya ndoa kwamba nyumba iliyonunuliwa na wazazi wa mmoja na kuandikwa kwa jina la mtoto wao ni mali ya huyo mmoja. Kwa kuwa aghalabu wazazi wa mwanamume ndio wanaonunua, wanawake wengi wa China walilalamika. Ukiitazama tamthilia ukijua hilo, zile "zama njema" za jina lake zinapata kivuli kingine. Mkazamwana anapigania amani ya nyumba ambayo huenda si yake.

Sisahau kwamba tamthilia hii ililetwa kwetu na dola, kwa makusudi ya dola. Mgeni anapochagua hadithi ya kujitambulisha, akachagua ya bibi arusi mwema anayeingia ukoo wenye matata na kuutuliza kwa subira, ana lake la kusema. Reli ya kisasa iliyojengwa na Wachina ilifika Suswa, jirani ya Naivasha yetu, mwezi Oktoba 2019, na tangu hapo nimejiuliza katika ndoa hiyo ni nani aliyeoa na ni nani aliyeolewa. Hayo nawaachia wenzangu wa sayansi ya siasa.

Hai Qing mwenyewe aliipata sifa ya "mkazamwana wa taifa" kwa ajili ya wahusika kama Doudou. Ni sifa inayombana mtu kama kiatu cha mwaka jana. Mwezi Julai 2019, kwenye tamasha la filamu mjini Xining, alisimama mbele ya waongozaji na watayarishaji, akiwa na waigizaji wenzake wa kike, akawaomba wawape nafasi wanawake wa umri wa makamo, kwa sababu kazi zao zinazidi kuwa chache. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka yule mama wa Kichina na swali la mama mkwe wangu. Mwigizaji aliyependwa na umma kwa kuvumilia anapofikisha miaka 40 na ushei anaona kwamba kuvumilia hakukumwekea akiba.

Muhula ujao nitaitumia tena tamthilia hii katika somo la isimujamii. Nimekwisha kuandaa kazi yenyewe. Kila kikundi kitachukua sehemu mbili na kuandika kila tamko la kuomba radhi: nani anaomba, anamwomba nani, kwa kosa la nani, na anatumia kitenzi gani. Watapanga matokeo katika jedwali, na safu ya tatu, ile ya kosa la nani, wataijaza mwisho, baada ya kubishana. Yule binti aliyeolewa Desemba ameomba aje siku hiyo, ingawa amekwisha kuhitimu na anafundisha shule moja karibu na Gilgil. Amesema atakuja na mumewe akipata ruhusa kazini.